Siku Kumi Kando ya Lundo

Kabla hata hajafumbua macho, Bachint Kaur alijua kwamba hii ni siku ya tisa, maana miguu ilikuwa inamwasha mpaka magotini. Maganda ya mpunga yana vinyweleo visivyoonekana. Ukitembea juu yake pekupeku siku nane mfululizo, vinaingia kwenye ngozi na kukaa humo kama vimelipa kodi. Aliketi kwenye kitanda cha kamba alichoazimwa na dalali, akajifunika mtandio kichwani, akalitazama lundo lake. Lilikuwapo, refu na jekundu kidogo, na turubai lilikuwa limetupwa pembeni.

Aliingia katikati ya mpunga na kuanza kuburura miguu polepole, akifungua mifereji ili jua lifike chini. Kila aliyekuwa na lundo bichi katika uwanja ule wa soko la mpunga la Kot Sarwan, Punjab, alikuwa anafanya hivyo hivyo asubuhi hiyo. Walikuwa wanaume tupu, vilemba vimelegea, suruali zimepandishwa, kila mmoja akizunguka juu ya jasho lake mwenyewe bila kusema neno. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Siku za kwanza walikuwa wakimkodolea macho. Sasa walikuwa wamechoka hata kumtazama.

Aliyemfikisha hapo alikuwa mama mkwe wake, ambaye nyumbani wote walimwita Bebe. Mwaka uliopita, baada ya mwili wa mumewe, Nachhatar Singh, kuchomwa na majivu yake kupelekwa mtoni, wakubwa wa ukoo walikaa uani kuzungumza habari za shamba. Shamsher, kaka mkubwa wa marehemu, alisema atalilima yeye pamoja na lake, kisha kila mavuno atampa mjane na binti yake, Jito, chakula cha mwaka. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini Bebe, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua kinywa, akasema, "Mwacheni apande mwaka mmoja. Akiniletea karatasi ya mauzo yenye jina lake mwenyewe, shamba ni lake na mtoto. Asipoleta, Shamsher ulichukue, na mimi sitasema tena."

Alipanda, akamwagilia, akaita mashine ya kuvuna. Kilichobaki ni karatasi.

Na karatasi ingekuwa mkononi mwake siku mbili nyuma, kama si turubai. Jioni ya kwanza aliuogopa umande. Akalivuta turubai, akalifunga lundo lote, akalibana kwa mawe pande zote kama mtu anayemfunika mtoto mwenye homa. Akafanya hivyo na jioni ya pili. Mpunga ukatoa jasho ndani kwa ndani. Mkaguzi wa serikali alipokuja na kipimo chake, alisoma unyevu wa asilimia ishirini na mbili, akatikisa kichwa, akapita. Serikali ilikuwa hainunui zaidi ya kumi na saba.

Ni Melo aliyemweleza kosa lake. Melo alikuwa mwanamke wa kufagia, mmoja wa wale wanaokusanya punje zilizomwagika kati ya lundo na lundo, kisha wanazipepeta kwa ungo na kwenda nazo nyumbani.

"Dada, umeupika," alimwambia, akiwa amechuchumaa na ufagio wake. "Umefunga mvuke kama unachemsha dengu. Funika kilele tu, ubavuni uache upumue."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana ulikuwa umenuna. Nikasema huyu akimeza mtu mimi simo."

Tangu siku hiyo walikuwa wakinywa chai pamoja.

Mpimaji mzee, Chanan Ram, naye alikuwa akija kukaa hapo mizani yake ilipokuwa haina kazi. Alikuwa amepima mpunga wa nyumba yao miaka ishirini. Asubuhi hiyo ya tisa alijipumzisha kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama akizunguka juu ya mpunga.

"Unaburura mguu wa kushoto kama mumeo," alisema.

Bachint hakusimama. "Yeye alikuwa habururi. Yeye alikuwa akija huku kulala. Mimi nilikuwa namletea chapati, namkuta kalala."

"Ulikuwa unaleta saa ngapi?"

"Mchana."

"Basi. Mchana jua limekwisha kupanda, mifereji iko wazi, mtu afanye nini? Saa hizi ungemkuta hapo hapo ulipo. Na jioni pia. Na alikuwa hasogei hatua tatu kutoka lundo, hata kwenda haja alikuwa ananiita mimi nisimame. Unajua kanuni, wanunuzi wakikuta lundo halina mtu wanaliruka, na hawarudi mpaka kesho. Alichukia kurukwa kuliko kitu chochote."

Bachint aliendelea kuburura. Mwaka uliopita mumewe alirudi nyumbani kutoka soko hili baada ya siku kumi. Aliketi kizingitini, akanyoosha miguu, akasema inawaka moto, akaomba maji ya vuguvugu yenye chumvi. Bachint alikuwa ametoka kukata majani ya nyati wa kufugwa, mgongo umekufa ganzi. Alimjibu, "Siku kumi umelala sokoni, sisi huku tunakufa kwa kazi. Maji yako pampuni, kaoge." Nachhatar alicheka, akaenda pampuni. Siku nne baadaye alikwenda tena kwenye pampu ile, alfajiri, waya wa umeme ukamkamata, na hapo ndipo walipomkuta.

Jambo hilo la maji alikuwa hajamwambia mtu.

Jua lilipokuwa kali, trekta la Shamsher liliingia uwanjani. Bachint alishusha mtandio haraka mpaka ukafika kidevuni. Miaka kumi na tisa tangu aolewe, kaka mkubwa wa mumewe alikuwa hajawahi kuuona uso wake, wala kumsikia akiongea naye moja kwa moja. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeliona kuwa jambo. Shamsher naye alisimama kando, akaelekeza macho kwenye mashine ya kupepetea.

"Mama Jito," alisema, "Kitabu kitakatifu kimeanza kusomwa jana. Kesho saa sita mchana wanamaliza, tunafanya dua ya mwaka ya marehemu. Ukoo wote umeitwa, mpaka watu wa Moga wanakuja. Lazima ukae mbele."

Bachint alimgeukia Melo, aliyekuwa akifagia karibu. "Dada, mwambie jana kipimo kilisoma kumi na nane na nusu. Kesho kitashuka. Mwambie wasogeze dua mpaka jioni."

"Anasema jana kipimo..." Melo alianza.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Kitabu hakisogezwi. Kinasomwa siku mbili bila kukatika, kikifika mwisho kimefika mwisho." Alivua kiatu, akakung'uta mchanga, akakivaa tena. Yeye mwenyewe alionekana hakulala. Alikuwa na mpunga wake, na ndugu wa kupokea, na magodoro ya kuazima kijiji kizima. "Sikiliza. Nitakuja mimi kesho asubuhi, nitasimama kwenye lundo lako. Wewe utarudi na trekta, utakaa na Bebe. Nikiuza nitawafuata."

"Mwulize karatasi itaandikwa jina la nani."

Melo alimtazama Shamsher bila kurudia swali.

"Itaandikwa jina la aliyesimama," Shamsher alisema. "Ndivyo madalali wanavyoandika. Sikutunga mimi. Na ikiwa hivyo, basi ndivyo ilivyo. Kwani mimi nitakunyang'anya chakula? Umejitahidi, kila mtu ameona. Mwanamke kulala uwanjani siku tisa katikati ya wanaume, mimi huko kijijini naulizwa hadi naona haya. Mvua iko Fazilka, inakuja huku. Hii kazi imetosha, Mama Jito."

Kilichomuumiza ni kwamba hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemtua mwenzake mzigo. Na Bachint, chini ya mtandio, alijisikia akitaka kukubali. Kulala kwenye kitanda chake, kunawa, kukaa mbele ya Kitabu akisikia jina la mumewe likitajwa.

"Mwambie nitafikiri," alimwambia Melo.

Shamsher alipoondoka, Melo alisukuma ufagio wake mara mbili tatu. "Ufikiri, usifikiri. Mimi mume wangu akitimiza mwaka nitamsomea huku huku kwenye ungo."

"Si yuko hai?"

"Ndiyo nangoja."

Bachint alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Jioni alimfuata dalali wake, Lala Tirath Ram, ofisini kwake chini ya upenu, akamwuliza kama hawezi kuandika jina lake hata kama kasimama mwingine. Lala alikuwa mtu mpole, amezungukwa na magunia matupu na kalenda za miaka iliyopita.

"Dada, mkaguzi ndiye anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Akionyeshwa mtu, ananukuu. Mimi nanakili alichonukuu. Nikibadilisha, ofisi ya soko inanifungia mlango. Kaa wewe, basi, nitaandika wewe."

"Kesho ni dua ya mwaka ya Nachhatar."

Lala aliweka kalamu chini. "Ah," alisema. "Ni kweli. Yule alikuwa akinitania kwamba chai yangu ni maji yaliyooshewa majani ya chai." Akamwagizia chai.

Siku ya kumi ilianza bila jua. Upande wa magharibi wingu lilikuwa limelala chini, rangi ya risasi. Shamsher alifika mapema, kilemba kipya cha bluu kichwani, nguo zimepigwa pasi, akaacha trekta likinguruma. Wanunuzi walitakiwa saa nne. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Watu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye lundo lake kama wanaopigwa picha.

"Twende zetu," Shamsher aliita, akiwa bado anatazama pembeni. "Panda. Kijana wa Lala atakupeleka na trekta, mimi nabaki. Saa sita haikungoji."

Bachint hakupanda. Alikuwa amesimama ndani ya mpunga, punje zimefika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa ameamka na jibu tayari, lakini jibu lilikuwa refu, na alipotaka kulisema aliona kwamba hana nguvu ya kulipitisha kwa Melo neno kwa neno. Alichoka tu. Akainua mkono, akaurudisha mtandio nyuma mpaka kwenye utosi, akamtazama shemeji yake usoni.

"Kaka, nenda wewe," alisema. "Wewe ni ndugu yake wa tumbo moja. Kaa mbele ya Kitabu, umwombee. Mimi nitakaa huku alikokuwa akikaa."

Shamsher aligeuza kichwa kama aliyemwagiwa maji. Inaelekea hakuwa amefikiria kwamba mke wa mdogo wake ana mvi, au ana kovu juu ya nyusi. Kwa muda hakujua macho ayaweke wapi.

"Funika uso," alisema kwa sauti ndogo. "Watu wanaona."

"Wana siku kumi wanaona."

"Mjane hayupo kwenye dua ya mumewe. Unajua watasema nini?"

"Watasema."

Kabla hajajibu, filimbi ilipigwa langoni. Wanunuzi walikuwa wamefika, kundi la watu sita saba wakienda kwa haraka kwa sababu ya wingu lile, mkaguzi mbele na kipimo begani. Walipita lundo baada ya lundo. Mawili yalirukwa, wenyewe walikuwa wamekwenda kunywa chai. Mtu mmoja alikuja mbio akipiga kelele, bilauri bado mkononi, na hakuna aliyemgeukia.

Mkaguzi alifika kwenye lundo la Bachint, akachota konzi moja ubavuni, akamtazama Shamsher na kilemba chake kipya.

"Mwenyewe ni wewe, bwana?"

"Ni mimi," alisema Bachint.

Mkaguzi hakumgeukia. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi, na macho yake yalikuwa bado kwa Shamsher, akingoja. Watu wote wa lile kundi walikuwa wakingoja. Shamsher alikuwa akitazama mpunga. Mifereji ya miguu ilikuwa humo, mistari myembamba iliyopinda sehemu ile ile kila mara, pale mguu wa kushoto ulipoburura. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini unaniuliza mimi?" alisema hatimaye, kwa hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia. "Si amekwambia? Lundo ni la kwake."

Akapanda trekta, akaondoka, na moshi wake ukabaki juu ya uwanja.

Kipimo kilisoma kumi na saba na nukta tatu. Mkaguzi akatoa ulimi kidogo, akafikiri.

"Chukua upande huu, bwana," Melo alidakia kutoka nyuma. "Huko ulikochota nilikaa mimi, nina jasho."

Watu wakacheka, hata mkaguzi. Alichota upande mwingine. Kumi na saba kamili. Akaandika.

Saa sita ilikuwa inagonga wakati vibarua walipoleta mashine ya kupepeta na Chanan Ram akatundika mizani yake. Kule kijijini, mwendo wa nusu saa kwa trekta, walikuwa wanafunga Kitabu. Bachint alijua bila kuambiwa. Sasa wanasimama, sasa wanainamisha vichwa, sasa anatajwa jina. Alisimama wima yeye pia, viganja vimekutana, lakini mashine ilikuwa ikipiga kelele na vumbi la maganda lilikuwa likimwingia kooni, na alichoweza kuomba ni kwamba mvua ingoje.

Gunia la kwanza liliwekwa. Wapimaji wa Punjab hawahesabu gunia la kwanza kama moja. Wanaliita Baraka, kisha wanaendelea na mbili, tatu, na kuendelea.

"Baraka!" Chanan aliita kwa sauti yake ya kuvuta. Lakini hakuendelea. Aliushika mnyororo wa mizani, akamgeukia Bachint.

"Nini?" Bachint aliuliza.

"Mumeo alikuwa akinijibu. Wengine hawajibu, yeye alikuwa akijibu. Nikiita Baraka, anasema, Iwatoshe wote. Kila mwaka. Bila hivyo mkono wangu hausogei, umezoea."

Vibarua walikuwa wameshika gunia la pili, wanangoja, jasho linawatiririka. Bachint alijifuta vumbi mdomoni. Akakohoa maganda.

"Iwatoshe wote," alisema.

"Mbili!" aliita Chanan. "Mbili! Tatu!"

Mvua ilinyesha magunia yakiwa yamekwisha shonwa na kupangwa chini ya paa. Haikuwa mvua ya maana, ililowesha tu vumbi. Lala Tirath Ram aliandika karatasi polepole kwa mwandiko wake mzuri, Bachint Kaur, mjane wa Nachhatar Singh, akaipuliza ingawa wino ulikuwa umekauka. Melo alikuwa tayari amechuchumaa pale lundo lilipokuwa, akifagia punje zilizobaki. Bachint alimwachia turubai na yale mawe yake.

"Mawe ya nini?" Melo aliuliza.

"Ukitaka kupika."

Alipata nafasi kwenye tela la mtu wa kijiji cha jirani. Alishuka njia panda, akatembea kilichobaki. Alasiri ilikuwa imekwisha kupoa. Uani kwao mikeka ilikuwa imekunjwa, sufuria kubwa zilizopikiwa ndugu zimeegemezwa ukutani, magodoro ya kuazima yamerundikwa yakingoja kurudishwa. Watu wa Moga walikuwa wamekwisha kwenda. Shamsher alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba na kilemba chake kipya kimemfunika uso, na haikujulikana kama amelala kweli.

Bebe alikuwa ameketi mlangoni. Kando yake palikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, halua ya dua, imeganda samli juu. Bachint alimgusa miguu kwa heshima, akampa karatasi. Bebe hakujua kusoma. Aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya maandishi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Jina lako liko wapi?"

Bachint alimwonyesha. Kidole cha mzee kilikaa pale.

"Na lake?"

Alimwonyesha na hilo.

"Unyevu ulikuwa ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mh," alisema Bebe. "Mwanangu hakuwahi kufika sokoni na kumi na saba. Miaka yote alikuwa akipeleka mbichi, anarukwa, anarukwa, siku kumi, siku kumi na mbili. Nilimwambia ngoja shambani ukauke. Hasikii. Alikuwa anapapenda kule." Akaikunja karatasi mara nne, akaiingiza kwenye kifua cha nguo yake.

Bachint aliketi kizingitini, pale pale alipoketi mumewe, akanyoosha miguu. Ilikuwa na mistari myekundu mpaka juu, na nyufa kwenye visigino.

"Jito," Bebe alimwita mjukuu wake aliyekuwa ndani. "Acha vyombo. Mwekee mama yako maji ya miguu jikoni. Yawe vuguvugu. Na chumvi."

Bachint alitaka kusema kwamba ataenda pampuni mwenyewe, hakuna haja. Alifungua mdomo. Kutoka jikoni alisikia msichana akipuliza moto, akikohoa, akipuliza tena. Akakiegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango akingoja, na maji yalipoletwa walimkuta amekwisha lala, mkono mmoja ndani ya bakuli la halua.